Msamaha au Marekebisho? Wanafunzi Wenye Ulemavu katika Madarasa ya Kiswahili ya Vyuo Vikuu

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, hususan vya Uganda, vinavyoweza kuwafikishia wanafunzi wenye ulemavu marekebisho wanayoyahitaji ili wasome na kutahiniwa katika Kiswahili pamoja na wenzao. Hoja inayojengwa ni kwamba marekebisho hayo hayawezi kuachiwa ofisi ya huduma za ulemavu peke yake. Mengi yanatokana na umbo la somo lenyewe: michoro ya matawi katika sintaksia, alama za kifonetiki, vina na mizani, mitihani ya kuzungumza na orodha za vitabu teule. Makala inatofautisha kumrekebishia mwanafunzi njia ya kulifikia somo na kumsamehe somo hilo, na inaonyesha gharama ya msamaha kwa mwanafunzi anapofika chuoni.

Istilahi muhimu: ulemavu, marekebisho, msamaha, Braille, Lugha ya Alama

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kama somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo uliitikia agizo la Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ulikuja miaka 17 baada ya mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Makongamano mengi yamekwisha kuujadili uamuzi huo kwa upande wa sera, vitabu na mitazamo ya jamii. Upande mmoja umezungumzwa kwa nadra: somo la lazima linahitaji walimu, walimu hutoka vyuoni, na vyuoni wamo wanafunzi wasioona, viziwi, wenye uoni hafifu na wenye ulemavu wa viungo.

Kwao jambo hili lina uzito wa pekee. Ualimu ni miongoni mwa kazi chache za kisomi ambazo watu wasioona wa eneo hili wamezifanya kwa muda mrefu. Somo linapopanuka na kuajiri walimu kwa wingi, mwanafunzi asiyeona anayekwama katika kozi ya fonolojia kwa kukosa alama zinazosomeka kwa vidole anapoteza alama za kozi, na huenda akapoteza pia ajira ambayo ingemlea yeye na waliomsomesha. Idara ya Kiswahili inaposema kwamba haina utaalamu wa mambo ya ulemavu, ni vizuri ifahamu uzito wa kauli hiyo.

2.0 Neno lenyewe

Mjadala huu unaanza na tatizo la tafsiri. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa chumba cha kulala na kwa mabadiliko anayofanyiwa mtu mwenye ulemavu ili aweze kusoma au kufanya kazi. Mfasiri asiye mwangalifu, na hasa mashine ya kutafsiri, huandika “malazi”. Mwanafunzi anayesoma kwamba chuo “kinatoa malazi yanayofaa” atakwenda kuulizia kitanda.

Dhana yenyewe ina historia isiyotarajiwa. Katika sheria za kazi za Marekani ilitumika kwanza kwa dini: mabadiliko ya sheria ya mwaka 1972 yalimtaka mwajiri ajitahidi kuafikiana na mfanyakazi ambaye imani yake haimruhusu kufanya kazi siku fulani ya ibada. Kutoka hapo ilihamishiwa kwenye ulemavu, kupitia kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Urejeshaji ya mwaka 1973, kisha ikaingia katika sheria za kimataifa. Asili hiyo inafundisha jambo. Aliyeomba asifanye kazi siku ya ibada hakuonekana kuwa na kasoro. Ilionekana kwamba ratiba ya kiwanda ilitungwa bila kumfikiria.

Makala hii inatumia neno “marekebisho”. Limekwisha kuonekana katika tafsiri kadhaa za nyaraka za haki za watu wenye ulemavu, na lina sifa ya kusema waziwazi kwamba kuna kitu kinabadilishwa. Inafaa tu ikumbukwe kila mara kuwa kinachorekebishwa ni utaratibu wa chuo. Kuhusu majina ya watu, wanaisimu wameeleza vya kutosha jinsi kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yalivyotiwa katika umbo la KI-VI pamoja na vitu, na jinsi “mtu mwenye ulemavu” na “asiyeona” yalivyoshika nafasi yake. Hata hivyo, viziwi wenyewe hawakuliacha jina lao; Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni ushahidi. Matumizi hayo ndiyo yanayofuatwa hapa.

3.0 Haki na mipaka yake

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka huohuo wa 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 2 inaeleza marekebisho kuwa ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa, yasiyoleta mzigo uliopita kiasi, yanayofanywa pale yanapohitajika katika hali mahususi ili mtu mwenye ulemavu afurahie haki zake sawa na wengine. Ibara hiyohiyo inatamka kwamba kunyima marekebisho ni ubaguzi. Ibara ya 24, aya ya 5, inaipeleka haki hii moja kwa moja katika elimu ya juu. Nchini Uganda, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 2006. Katika ngazi ya bara, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki yake ya haki za watu wenye ulemavu mwezi Januari 2018, nayo ikaanza kutumika mwaka 2024.

Maneno “hali mahususi” yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo yanayotenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. La kwanza ni ufikikaji: chuo kinajenga njia ya mteremko mlangoni hata kama hakuna mwanafunzi hata mmoja wa kiti cha magurudumu. Ufikikaji ni wa jumla na hautegemei ombi la mtu. La pili ni marekebisho: mwanafunzi huyu, katika kozi hii, anahitaji karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa. Marekebisho huanza pale anapojitokeza mtu na hitaji lake. Chuo kisichojenga ufikikaji hujikuta kikizidiwa na maombi ya marekebisho, kwa sababu kila mwanafunzi anaomba upya kile ambacho kingewekwa mara moja kwa wote.

Mipaka nayo ipo. Mwaka 1979, katika shauri la Southeastern Community College dhidi ya Davis, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba chuo hakikulazimika kumpokea mwanafunzi mwenye upungufu wa kusikia katika mafunzo ya uuguzi, kwa hoja kwamba mabadiliko aliyoyahitaji yangegeuza asili ya mafunzo yenyewe. Uamuzi huo umelaumiwa sana. Swali ulilolizusha, hata hivyo, haliwezi kukwepwa na idara yoyote: ni kipi katika kozi ambacho kikiondolewa kozi si ile tena, na ni kipi ambacho ni mazoea tu? Idara nyingi hazijawahi kujiuliza swali hilo kabla ya mwanafunzi kugonga mlango, na mwanafunzi akishagonga mlango, jibu linalotolewa kwa haraka huwa “haiwezekani”.

Uganda ina mpango wa upendeleo chanya unaotenga nafasi 64 kila mwaka kwa wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vikuu vya umma kwa ufadhili wa serikali. Aidha, ina Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa Taasisi ya Taifa ya Elimu Maalumu. Haya ni mafanikio ambayo nchi kadhaa jirani hazijayafikia. Lakini nafasi ya kudahiliwa humfikisha mwanafunzi kwenye geti la chuo. Yanayotokea katika chumba cha mhadhara ni suala jingine, na ndilo linalofuata.

4.0 Mwanafunzi asiyeona na maandishi ya Kiswahili

Kiswahili kina bahati katika Braille. Tahajia yake inakaribiana sana na matamshi, herufi zake zote zimo katika alfabeti ya Kilatini, na hakina alama za juu ya irabu. Mfumo wa nukta sita alioutangaza Louis Braille mwaka 1829 unakichukua bila taabu. Ugumu unaanzia kwenye wingi wa karatasi. Ukurasa wa kawaida wa Braille una mistari takriban 25 yenye nafasi takriban 40 kila mmoja, yaani alama 1,000 kwa ukadiriaji wa juu. Riwaya ya kurasa 120 zenye herufi 1,800 kila moja ina herufi 216,000. Bila vifupisho itachukua zaidi ya kurasa 200 za Braille, kwenye karatasi nene zinazojaza begi zima. Kozi ya fasihi yenye riwaya mbili, tamthilia mbili na diwani moja inakuwa rafu nzima ya kitabu.

Kazi hiyo ya kunakili inahitaji wiki kadhaa, na hapo ndipo kalenda ya chuo inapomwangusha mwanafunzi. Mhadhiri anayetangaza vitabu teule katika wiki ya tatu ya muhula hadhani kwamba amemdhuru mtu. Wanafunzi wanaoona watanunua au kuazimana nakala siku hiyohiyo. Mwanafunzi asiyeona atasubiri kitabu kichapwe upya, kisha kisomwe kwa kusahihishwa, kisha kitolewe nakala, na huenda kikamfikia baada ya jaribio la kwanza. Marekebisho yanayohitajika hapa hayana gharama yoyote: orodha ya vitabu itoke kabla ya likizo. Hayamo katika fomu ya ofisi yoyote ya ulemavu, kwa kuwa mwenye uwezo wa kuyafanya ni mhadhiri.

Programu za kusoma skrini zimepunguza sehemu ya mzigo huu. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, hupatikana bila malipo, na sauti ya eSpeak NG inayoambatana nayo inasoma Kiswahili. Hata hivyo, programu husoma kwa sauti iliyowekwa. Waraka wa Kiswahili usiotambulishwa kuwa ni wa Kiswahili husomwa kwa kanuni za Kiingereza, na msikilizaji hupata kelele zisizo na maana. Kuitambulisha lugha ya waraka ni kazi ya sekunde chache katika programu yoyote ya kuchapia, na ni wahadhiri wachache wanaojua kwamba kitu hicho kipo. Kibaya zaidi ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha na kutumwa kama faili: programu haioni herufi humo, inaona picha tu. Zikipitishwa katika programu ya kutambua maandishi hubadilika kuwa matini, lakini kwa Kiswahili usahihishaji hauepukiki, kwa kuwa ritifaa hudondoka kirahisi na “ng’oa” ikageuka “ngoa”. Mwanafunzi wa ushairi anayekutana na wivu mahali palipokusudiwa kung’olewa mti hana kosa akiufasiri ubeti vibaya.

Fonetiki inaonekana kuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote, ilhali suluhisho lake limekwisha kuandaliwa. Alama za Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa zina mfumo wake wa Braille, uliotengenezwa upya na Robert Englebretson, mwanaisimu asiyeona wa Chuo Kikuu cha Rice, na kutolewa mwaka 2008. Idara inayomsamehe mwanafunzi asiyeona kozi ya fonetiki kwa sababu “alama haziandikiki” inasamehe kitu ambacho mwanaisimu asiyeona amekwisha kukitengenezea njia.

Sintaksia nayo hufundishwa kwa macho kupita kiasi. Uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi, visanduku na mishale umezoeleka tangu sekondari, kiasi kwamba wapo wanaodhani mchoro ndio uchanganuzi. Taarifa iliyomo katika mchoro wa matawi inaweza kuandikwa yote katika mstari mmoja kwa mabano. Sentensi “Mtoto mdogo analala” inakuwa: (S (KN (N Mtoto) (V mdogo)) (KT (T analala))). Hakuna kilichopotea: daraja la kila kiunzi limo, na mstari huo unasomeka kwa vidole na kwa sauti. Mtihani unaosema “Changanua sentensi ifuatayo kwa njia ya matawi” unaweza kusema “kwa njia ya matawi au ya mabano”, na hapo mtahiniwa asiyeona hahitaji karatasi ya peke yake. Bila shaka wapo wanafunzi wanaoona watakaochagua mabano pia.

Jambo moja zaidi ni la kikanda. Sehemu kubwa ya vitabu vya fasihi ya Kiswahili vinavyosomwa Kampala huchapishwa Nairobi na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi, kitabu kilichonakiliwa kwa Braille katika nchi moja hakikuweza kuvuka mpaka bila idhini ya mwenye hakimiliki, na kila nchi ikawa inanakili upya. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwezi Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, uliondoa kizuizi hicho kwa nchi wanachama. Taasisi zinazotambuliwa, zikiwemo za elimu zisizotafuta faida, zinaruhusiwa kutengeneza nakala zinazofikika na kubadilishana kuvuka mipaka kwa ajili ya wasioona, wenye uoni hafifu, wenye matatizo ya kusoma kama disleksia, na wasioweza kushika kitabu kwa sababu ya ulemavu wa viungo. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga. Hakuna lugha katika eneo hili yenye faida kubwa zaidi katika mkataba huu kuliko Kiswahili, kwa kuwa hakuna nyingine inayosomewa vitabu vilevile katika nchi nyingi kiasi hicho. Faili la riwaya moja lililosahihishwa vizuri katika maktaba ya chuo kimoja lingeweza kuwafikia wanafunzi wa Kampala, Eldoret na Dodoma siku moja. Vyama vya Kiswahili, ambavyo tayari vinawakutanisha wahadhiri wa vyuo hivyo kila mwaka, vina nafasi nzuri ya kuanzisha orodha ya pamoja ya faili za namna hiyo.

5.0 Kiziwi na somo la lugha ya kusemwa

Kwa wanafunzi viziwi hali ni ngumu zaidi, na sehemu ya ugumu huo imeletwa na nia njema. Nchini Kenya, mtahiniwa kiziwi anaweza kufanya mtihani wa Lugha ya Alama ya Kenya mahali pa Kiswahili. Utaratibu huo una heshima yake. Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake, na Katiba ya mwaka 2010 imeitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha za Bunge. Kuitahini kunaipa hadhi inayostahili. Lakini neno “mahali pa” lina matokeo. Kijana kiziwi anamaliza sekondari bila kusoma Kiswahili cha maandishi, na anapofika chuoni hawezi kuomba shahada yenye Kiswahili ndani yake, wala kozi za uandishi wa habari, tafsiri au uhariri zinazokidai. Alipewa msamaha akiwa mtoto, na analipa akiwa mtu mzima. Utaratibu unaompa Lugha ya Alama kama somo kamili, na kumruhusu pia kusoma Kiswahili cha kuandika na kusoma bila sehemu ya kusikiliza, ungemwachia milango yote miwili.

Hoja inayotolewa kwamba kiziwi hawezi Kiswahili haina mashiko ya kiisimu. Kiswahili kimeandikwa kwa karne nyingi, na kwa kuwa tahajia yake hufuata matamshi kwa ukaribu, mambo mengi yanayodhaniwa kuwa ya sikio yanaonekana kwa jicho. Vina vinasomeka mwishoni mwa kipande. Mizani inahesabika: kila irabu inabeba mizani moja, na m ya silabi peke yake, kama katika “mtu”, inabeba yake. Mwanafunzi kiziwi anaweza kuthibitisha kwamba mshororo wa tarbia una mizani 16, nane kila upande, kwa kalamu tu. Palipo na utata, sarufi husaidia. “Mbuni” ndege ina silabi mbili na “mbuni” mti wa buni ina tatu. Asiyesikia tofauti hiyo ataitambua katika wingi, kwa kuwa ndege hubaki mbuni na miti huwa mibuni. Shadda ya “barabara” ya kupita na “barabara” ya kusema sawasawa inaweza kufundishwa na kutahiniwa kwa alama ya maandishi. Kinachobaki nje ya jicho ni kiimbo na matamshi yenyewe, na hiyo ni sehemu ndogo ya shahada.

Mtihani wa kuzungumza unahitaji uamuzi wa wazi wa idara. Kama lengo lake ni kupima uwezo wa kupanga hoja mbele ya hadhira, kiziwi anaweza kuhutubia kwa Lugha ya Alama pamoja na mkalimani, au kuwasilisha mjadala kwa maandishi ya papo kwa papo. Kama lengo ni kupima utamkaji, basi idara iseme hivyo, iamue kipengele hicho kina uzito gani, na ieleze kwa nini mhariri au mfasiri wa maandishi asihitimu bila hicho. Huenda kwa mwalimu mtarajiwa wa watoto wanaosikia jibu likawa tofauti na la mtarjumi. Ni halali kutofautiana, mradi sababu itajwe.

Suala la mkalimani lina mtego wake. Uganda imetangulia wengi katika jambo hili: Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na Kyambogo hufundisha wakalimani. Hata hivyo, mkalimani aliyezoea kufasiri mihadhara ya Kiingereza hawezi kudhaniwa kuwa anaelewa mhadhara wa Kiswahili kuhusu upatanisho wa kisarufi. Vilevile Lugha ya Alama ya Uganda, ya Kenya na ya Tanzania ni lugha mbalimbali, na hakuna hata moja iliyo Kiswahili cha mikono. Mkalimani anahitaji kupewa maelezo ya mhadhara siku chache kabla, pamoja na orodha ya istilahi, ili yeye na mwanafunzi wakubaliane alama za “kirai”, “kishazi” na “ngeli”. Idara ingefanya vyema zaidi kuwaalika wakalimani katika kozi zake za msingi za Kiswahili, kwa gharama ya viti viwili darasani.

6.0 Wasioonekana

Wapo wanafunzi ambao ulemavu wao hauonekani mlangoni. Mwanafunzi mwenye ualbino mara nyingi huwa na uoni hafifu. Anahitaji maandishi makubwa, kiti cha mbele kisichopigwa na jua, na ruhusa ya kuvaa kofia hata pale kanuni za chumba cha mtihani zinapoikataza. Mwenye disleksia anaweza kuandika “anayekupenda” kwa kuruka silabi, na katika lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, silabi moja ikipotea hupotea nafsi, wakati au mtendwa. Msahihishaji asiyejua anahesabu makosa ya sarufi mahali palipo na tatizo la tahajia. Mwenye ulemavu wa mikono anahitaji mwandishi, na mwandishi huyo lazima ajue tahajia ya Kiswahili, la sivyo makosa yake yatakuwa ya mtahiniwa.

7.0 Ombi linapokwama

Utaratibu wa kuomba marekebisho katika vyuo vingi una hatua zinazofanana: mwanafunzi anajitambulisha, analeta cheti cha daktari, ofisi inaandika barua, barua inakwenda kwa mkuu wa idara, kutoka hapo kwa mhadhiri na kwa ofisi ya mitihani. Kila hatua ina mantiki yake. Pamoja zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko muhula. Cheti cha daktari kinagharimu nauli na ada, na husema jina la ugonjwa bila kusema mwanafunzi anahitaji nini. Barua inayomfikia mhadhiri mara nyingi hutaja ulemavu na kunyamaza kuhusu hatua ya kuchukua. Kisha muhula unaofuata kozi zinabadilika, wahadhiri wanabadilika, na mwanafunzi anaanza upya kueleza kwamba bado haoni.

Sehemu ya kazi hii imekwisha kufanywa kabla hajafika. Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada katika karatasi ya mtihani. Mwanafunzi aliyepewa muda huo sekondari ana kumbukumbu rasmi kwamba hitaji lake lilikaguliwa na kukubaliwa. Hakuna sababu ya msingi ya chuo kutoipokea kumbukumbu hiyo kama ushahidi wa kutosha wa kuanzia, na kumtaka alete nyongeza pale tu anapoomba jambo jipya.

Muda wa ziada wenyewe usichukuliwe kuwa dawa ya kila kitu. Mashine ya Braille ya Perkins, iliyoingia sokoni mwaka 1951 na bado ndiyo inayotumika zaidi, ina uzito unaokaribia kilo tano na hupiga kelele. Mtahiniwa anayeitumia anahitaji chumba chake, msimamizi wake, na mtu wa kuyanakili majibu kwa maandishi ya kawaida kabla ya usahihishaji. Anayenakili akiwa hajui Kiswahili, yale yaliyosemwa kuhusu ritifaa yanajirudia katika karatasi ya majibu. Kwa hiyo barua ya marekebisho inayosema “aongezewe muda” bila kutaja chumba, msimamizi na mnakili ni barua isiyokamilika, hata kama imesainiwa na kupigwa mhuri.

Barua inayofaa ni fupi. Hutaja kozi, hutaja kitakachofanyika, hutaja nani atakifanya na kufikia tarehe gani, na hubaki na nguvu hadi mwanafunzi ahitimu au aombe ibadilishwe. Jina la ugonjwa halihitajiki humo, na mhadhiri hana haja ya kulijua. Kwa upande wa idara, ukurasa mmoja kwa kila kozi unatosha: lengo kuu la kozi ni lipi, vipengele gani vinaweza kufanywa kwa njia nyingine, na njia hizo ni zipi. Kozi ya sintaksia ingetaja mabano. Kozi ya ushairi ingetaja hesabu ya mizani kwa maandishi. Kozi ya fonetiki ingetaja Braille ya alama za kimataifa na mahali nakala yake ilipo maktabani. Kurasa hizo zinaweza kuandikwa katika kikao kimoja cha idara mwishoni mwa muhula, wakati uleule orodha ya vitabu teule vya muhula ujao inapopitishwa na kupelekwa kwa mnakili wa Braille.